Una Kisu, Mwanangu?

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilikuwa kwenye basi nikitoka Tanga kurudi Dar es Salaam. Msimu wa machungwa. Mnaoijua barabara ile mnajua kinachotokea basi likipunguza mwendo Muheza: madirisha yanajaa mikono, mifuko ya neti na kelele za bei. Mama aliyekaa pembeni yangu, mtu wa umri wa bibi yangu, akanunua mfuko mmoja. Alikuwa amempakata mjukuu wa kama miaka minne, na mtoto alikuwa analialia tangu tunatoka stendi. Basi lilipochanganya mwendo mama akapekua kipochi chake, akapekua na kapu la miguuni, kisha akanigeukia.

"Una kisu hapo, mwanangu?"

"Sina, mama."

Nilikuwa nacho. Kilikuwa kiunoni, upande wa kulia, ndani ya ala yake ya ngozi, chini ya shati nililoliachia nje makusudi. Kisu kisichokunjwa, bapa lake refu kuliko upana wa kiganja changu, kikali kiasi cha kunyoa nywele za mkononi. Nilikuwa nimekibeba kila siku kwa miezi mitano. Na siku ya kwanza mtu aliponiomba kisu kwa kazi ambayo visu vilitengenezewa, nikasema sina.

Mama akasema haya. Akang'ata ganda kwa meno, akalimenya chungwa kwa kucha, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akampa mtoto. Kisha, na hili ndilo lililonimaliza, akamenya la pili namna ileile akanipa mimi. Nikala.

Nimeandika habari za mahakamani kwa miaka kadhaa, kwa hiyo najua jinsi mtu aliyeko kizimbani anavyojieleza: anaanza na kilichompata yeye. Na mimi nianze hapohapo.

Miezi mitano kabla ya safari ile nilivamiwa usiku nikitoka kazini. Walikuwa vijana wawili. Mmoja alisimama mbele yangu, mwingine nyuma, na yule wa mbele akatoa mfukoni kitu nilichodhani ni simu. Halafu nikasikia mlio, tak, mdogo tu, kama wa kalamu inayobonyezwa. Kisu cha kukunja. Hakunigusa nacho. Hakuhitaji. Niliwapa begi, kompyuta ikiwa ndani, nikawapa simu, na mmoja wao akaniambia "asante bro" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyepewa chenji. Nilitembea mpaka nyumbani bila jeraha. Lakini mlio ule niliusikia kwa wiki nyingi. Mtu akifungua kopo la soda ofisini, nageuka.

Ndipo nikaenda Kariakoo kununua kisu. Niliingia duka moja linalouza vifaa vya ujenzi na vya uvuvi, nikamwambia muuzaji nataka kisu kizuri cha kutembea nacho. Mzee mwenye miwani, hana haraka. Akaniuliza swali moja tu: "Cha kazi au cha usalama?"

"Cha kazi," nikasema. Uongo wa kwanza ulikuwa huo. Wa kwenye basi ulikuwa wa pili.

Mzee alinichukulia kwa neno langu akanipa darasa, nami nilirudia darasa hilo baadaye kwa kusoma na kuulizauliza, maana nikiogopa kitu huwa nakisoma. Nalieleza hapa kwa kifupi kwa sababu tofauti za vyuma hivi ndizo zilizoniingiza kwenye swali la maadili, sikuanza na maadili.

Kisu cha ala, yaani kile kisichokunjwa, ni chuma kimoja kinachoanzia nchani na, kikiwa kimetengenezwa vizuri, kupita ndani ya mpini mpaka mwisho. Hakina bawaba, kwa hiyo hakina pa kuvunjikia kwa urahisi. Unakisuuza, unakifuta, basi. Ubaya wake ni kwamba hakina pa kujificha: bila ala kinachana mfuko na paja. Kisu cha kukunja kinaingiza makali yake ndani ya mpini wake chenyewe. Unakitia mfukoni pamoja na funguo na kinasahaulika. Ubaya wake ni ile bawaba. Mchanga unaingia, chumvi inaingia, na ukikandamiza vibaya kinaweza kukufungia vidole. Ndiyo maana watu wakabuni vifungio. Opinel, kisu cha Kifaransa chenye mpini wa mti kilichoanza kutengenezwa Savoie mwaka 1890, kilikaa miongo mingi bila kifungio. Mwaka 1955 ndipo wakakiwekea kipete cha chuma shingoni, unakizungusha na bapa halirudi.

Halafu kuna chuma chenyewe. Chuma cha kaboni kinanoleka upesi, hata kwenye jiwe la kawaida, lakini kwa hewa yetu ya pwani kinashika kutu ukikigeuzia mgongo, na ukikatia chungwa au ndimu kinafanya weusi. Chuma kisichoshika kutu kimechanganywa na kromi, angalau asilimia 10.5, na kinavumilia uvivu wa mwenyewe. Urefu? Kwa kazi za kila siku za mtu wa mjini, kukata kamba, kufungua boksi, kumenya tunda, bapa la sentimita saba au nane linatosha na kubaki. Mzee wa Kariakoo aliniambia hivyo waziwazi. Akaniwekea mezani kisu kidogo cha kukunja, akasema, "Kwa kazi ulizonitajia, hiki."

Nikachagua kile kirefu cha ala. Sikutaka kisu chenye mlio.

Kwetu ni Pangani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi, na kisu chake kilikuwa cha ala pia. Mhunzi alikifua kutokana na springi ya gari, na mpini ulikuwa mti uliozungushiwa mshipi wa kuvulia. Nimekuwa nikimwona nacho tangu sijaanza shule. Alikatia kamba, alipasulia samaki, alikwanguria magamba, alichongea mambo za dau. Nakumbuka mjomba mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye meli alimletea kisu cha kukunja cha kizungu, kinang'aa, kina na kifungulio cha chupa. Babu alikishukuru sana. Msimu haukuisha bawaba ikajaa mchanga na chumvi, kisu kikagoma kufunguka, tukapewa sisi watoto tukichezee.

Kwa hiyo nilipokuwa naficha kisu changu chini ya shati mitaa ya Dar, nilikuwa nikijiambia: hata babu alitembea na kisu kiunoni. Hoja nzuri. Tatizo ni kwamba babu hakukificha hata siku moja, na kulikuwa na jambo lingine nililolisahau, au nililolifukia. Akifika nyumbani alikichomeka kwenye makuti juu ya mlango kabla hajaingia. Akienda msikitini, kisu kimebaki juu ya mlango. Akienda barazani kwa wenzake, kimebaki. Kisu kilikuwa cha baharini na cha samaki. Mimi changu kilikuwa kinaingia nami kila mahali: ofisini, kwenye msiba, kwenye harusi ya binamu. Kulala tu ndipo nilipokivua.

Baada ya lile chungwa la Muheza nilianza kujiuliza kosa langu hasa lilikuwa nini. Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa rahisi: kosa ni kuficha.

Na jibu hilo lina nguvu yake. Angalia walinzi wa Kimaasai hapa Dar. Mtu amejifunga sime kiunoni, upanga mfupi wa kuwili kwenye ala nyekundu, anapanda daladala, anakaa karibu na wewe, na hakuna anayeshtuka. Uko wazi, kila mtu anaujua, na mwenye nao anajua kwamba anajulikana. Ng'ambo ya bahari, Oman, jambia linavaliwa mbele kabisa, katikati ya tumbo, na limewekwa hata kwenye bendera ya taifa. Silaha iliyokaa mbele kiasi hicho ni vigumu kumshtukiza nayo mtu. Inasalimia kabla ya mwenyewe. Sasa mchukue mtu kama mimi, shati limechomolewa, tabasamu usoni, sentimita kumi na tano za chuma chini yake. Anayekaa na Mmasai anajua amekaa na nani. Mama wa machungwa hakujua amekaa na nani.

Sheria za wenzetu nazo zimehangaika na jambo hili, na mahali zilipochora mstari panashangaza. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, huruhusiwi kutembea na kitu chenye makali au ncha hadharani bila sababu nzuri, isipokuwa kisu cha kukunja chenye bapa lisilozidi inchi 3. Mahakama zao zikaenda mbele zaidi: kisu cha kukunja kikiwa na kifungio kinachozuia bapa lisirudi, hakihesabiki tena kuwa cha kukunja. Fikiria hilo. Kifungio kiliwekwa ili kulinda vidole vyako wewe mwenye kisu. Sheria inatazama kifungio hichohicho na kuona kisu kilichosimama imara mbele ya mtu mwingine. Kinachokupa usalama wewe ndicho kinachompunguzia usalama mwenzako. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni ujinga wa wanasheria. Sasa naona wamelitaja jambo lenyewe. Na hali imefika mahali ambapo mwaka 2024 Victorinox, kampuni ya Uswisi inayojulikana duniani kote kwa visu vya mfukoni, ilisema inatengeneza kifaa cha mfukoni kisichokuwa na bapa kabisa, kwa sababu ya sheria za namna hii kuzidi kubana.

Lakini jibu la kwamba kosa ni kuficha halifiki mbali. Kinachoniambia hivyo ni tamthiliya tuliyosoma wengi wetu kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, Mabepari wa Venisi. Mle ndani kuna kisu kimoja kinachoonekana na kila mtu. Shylock anakinoa mbele ya mahakama. Hajakificha, tena sheria iko upande wake, mkataba anao mkononi. Na bado hakuna kisu cha kutisha kuliko kile katika vitabu vyote nilivyosoma. Kwa hiyo uwazi peke yake hausafishi kitu. Mtu anaweza kukuonyesha makali yake mchana kweupe, kwa kibali, na akawa amekuja kwa ajili ya nyama yako.

Basi labda suala ni kazi. Plato, katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, anamfanya Sokrate aeleze kazi ya kitu ni nini, na mfano anaouchagua ni kisu. Tawi la mzabibu, anasema, unaweza kulikata kwa jambia au kwa kisu chochote, lakini hakuna kitakacholikata vizuri kama kile kilichotengenezwa kwa kupogolea mizabibu. Kazi ya kitu ni ile ambayo kinaifanya chenyewe tu, au kinaifanya vizuri kuliko vingine vyote.

Nikakiweka kisu changu mezani nikakiuliza: kazi yako nini? Katika miezi mitano kilikuwa hakijakata kitu. Kamba, hapana. Karatasi, hapana. Nilikuwa nikikinoa kila Jumapili, nakifuta mafuta, nakirudisha kwenye ala, kikali kama siku nilipokinunua. Kisu cha babu kilikuwa kimeliwa na kinoo mpaka kimekuwa chembamba kama kidole, kwa sababu kila siku kulikuwa na samaki. Changu kilikuwa kinene na kipya. Kisu kinachobebwa kila siku na hakikati chochote kinasubiri kukata nini? Jibu lilikuwa moja tu, na nililijua tangu dukani. Kilikuwa kinamsubiri mtu. Sijawahi kukichomoa mbele ya mtu na namshukuru Mungu, lakini mimi na kisu kile tulikuwa tumeshakubaliana.

Ndiyo maana sikuweza kumpa yule mama. Siyo kwamba niliogopa angeshtuka tu. Nilikuwa nimeshakitengea kazi, na kumenyea mtoto chungwa kwa kitu nilichokiweka kwa ajili ya mwili wa mtu kuliniletea kinyaa ambacho sikuwa na jina lake. Midomo ikasema "sina" kabla sijafikiri.

Sasa, nia iko moyoni, na moyo ni mwongo mzuri. Mimi mwenyewe nilimwambia muuzaji "cha kazi" bila kupepesa macho. Kwa hiyo nilihitaji kipimo ambacho hakiusikilizi moyo, na nikakipata kwa yule mama: kisu changu, naweza kumwazima mtu? Mtu yeyote aliyekaa karibu, akikiomba, naweza kukitoa bila kuona haya na bila yeye kusogea nyuma?

Babu alitufundisha namna ya kumpa mtu kisu. Unakishika wewe kwa mgongo wa bapa, unamwelekezea mpini. Watoto tulidhani ni adabu tu, kama kupokea kwa mikono miwili. Lakini tazama kinachotokea pale. Kwa sekunde moja yeye ndiye ameshika mpini na wewe umeshika upande wa makali. Kwa Kiswahili chetu cha siasa na cha mitaani, "wao wameshika mpini, sisi tumeshika makali" ndiyo namna ya kusema tumekwisha, tuko mikononi mwa mwenye nguvu. Kumwazima mtu kisu ni kukubali hali hiyo kwa hiari, kwa muda mfupi, kwa sababu ya chungwa. Ni imani kubwa kuliko tunavyoipa hadhi. Mtu anayetembea na kisu kwa hofu hawezi kufanya hivyo, kwa sababu kitu pekee asichoweza kukiachia ni mpini.

Plato huyohuyo, kurasa za mwanzo kabisa za kitabu kilekile, analeta swali la kuazima kutoka upande mwingine: rafiki amekuachia silaha zake akiwa na akili timamu, kisha amerukwa na akili anazidai, umrudishie? Wote wanakubali hapana. Nilipokuwa chuoni nililiona kama zoezi la darasani. Kwa miezi ile mitano nadhani mimi ndiye nilikuwa rafiki yule. Sikuwa mwendawazimu, lakini nilikuwa mtu anayegeuka kwa mlio wa kopo la soda, na hakuna aliyenizuia dukani, kwa sababu hofu ikivaa shati safi na kulipa taslimu hufanana na akili timamu.

Kipimo changu kina mipaka yake, nakiri. Masingasinga waliobatizwa katika imani yao hubeba kirpan, na hiyo si ya kumenyea machungwa wala ya kuazimana. Ni wajibu wa dini, na wenyewe hueleza kwamba pamoja na mengine inawakumbusha kumtetea mnyonge. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali mwaka 2006 kwamba mwanafunzi wa Kisikh aruhusiwe kuwa nayo shuleni kwa masharti, ikiwa ndani ya ala yake na imeshonewa kwenye kitambaa. Kisu kile hakipiti kwenye kipimo cha chungwa na bado sioni ubaya wake. Nadhani ni kwa sababu kimefungwa na kitu kikubwa kuliko aliyekibeba. Changu kilikuwa kimefungwa na mimi tu.

Kuna pingamizi zito zaidi, na halikutoka kitabuni. Nilimsimulia haya yote mwenzangu mmoja wa kazini, dada anayefanya zamu za usiku, tukiwa tunakunywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mkoba akanionyesha kisu kidogo cha kukunja, chenye mpini wa plastiki, cha dukani tu.

"Wewe walikuchukulia kompyuta," akasema. "Mimi nikisikia hatua nyuma yangu siwazi kompyuta. Hayo ya Plato ni ya mtu anayejua akipoteza sana atapoteza begi."

Sikuwa na jibu. Nikajaribu kumwambia yale ambayo watu wanaojua wameniambia, na ambayo naamini ni kweli: kwamba kisu ni kinga mbovu, kwamba kinafanya kazi umbali ambao ungetakiwa uwe umeshakimbia, kwamba mkono unaotetemeka haufungui bawaba, kwamba mwenye nguvu kukuzidi anaweza kukunyang'anya ukawa umemletea wewe. Akasema anajua yote hayo. Akasema hakibebi kwa sababu kitamwokoa. Anakibeba ili aweze kufika kituoni, maana bila hicho miguu inakataa. Nikamuuliza, na mtu akikuomba ukate kitu? Akacheka, akaniambia asubuhi ileile alikikatia uzi uliokuwa unaning'inia kwenye gauni la bosi.

Nimelifikiria jibu lake sana. Sitamwambia akiache, na wala sidhani mtu ambaye hajatembea njia ile kwa mwili ule ana haki ya kumwambia. Ninachoweza kusema ni kwamba aibu ya kisu kile si yake. Ni ya barabara isiyo na taa na ya sisi tunaojua haina taa. Lakini niliona pia, bila yeye kukusudia, kwamba kisu chake kilikuwa na uhai mwingine. Kilikata uzi. Kilikuwa kimeonwa na bosi. Hofu ilikuwa mojawapo ya kazi zake, haikuwa yote.

Na mahakamani je? Siwezi kuandika kuhusu visu nikaruka nilichokiona kwa macho yangu. Katika kesi nilizokaa kuzisikiliza, kisu kilichotolewa kama kielelezo, kimefungwa kwenye bahasha ya kaki, mara nyingi hakikuwa cha kutisha. Kilikuwa cha jikoni. Kilikuwa cha kumenyea matunda. Watu walikuwa wanakunywa, ukazuka ugomvi wa fedha ndogo au wa neno, na kisu kilikuwepo. Nilishawahi kumsikia mshtakiwa akiulizwa kwa nini alikichukua, akajibu: kilikuwa karibu. Kwa hiyo sitaki mtu asome makala hii akadhani nasema kisu cha kukunja ni cha watu wema na cha ala ni cha wabaya, au kwamba ukikinunulia machungwa umemaliza. Kisu kilichokaribu kinabaki kuwa karibu. Babu alijua, ndiyo maana yake kile kibao cha makuti juu ya mlango. Ule ugomvi wa barazani, ukitokea, ungemkuta mikono mitupu.

Nilirudi Kariakoo. Mzee alinikumbuka, au alijifanya. Nikamwambia nataka kile kidogo cha kukunja alichonionyesha mwanzo. Hakuniuliza cha kazi au cha usalama. Alikifungua, akanigeuzia mpini nikijaribu, nikakifungua na kukifunga mara mbili tatu. Kina mlio. Tak. Ilinichukua wiki kadhaa kuuzoea, na nadhani kuuzoea kule kuliniponya kuliko ala ya ngozi ilivyowahi kufanya, maana sasa mlio ule kwangu ni wa maembe ya saa nne ofisini.

Kina bapa la sentimita saba na kitu. Kinaazimwa hovyo. Kinarudi kinanata, na kuna mtu alikifungulia kopo la rangi ncha ikapinda, hajajitaja mpaka leo. Nikienda mahali ambapo kisu hakina kazi, msibani, harusini, kwa watu wazima wanaosuluhishana, nakiacha nyumbani juu ya kabati la vyombo. Kile kirefu cha ala sikukitupa. Kipo jikoni. Mke wangu hajui historia yake yote, anakiita "kile cha samaki", na kimeshaanza kuwa chembamba.

Hofu haijaisha. Wiki chache zilizopita nilikuwa natembea njia ileile usiku nikasikia hatua nyuma, mkono ukaenda wenyewe kiunoni upande wa kulia, ukakuta mkanda. Nilisimama pembeni. Akapita kijana mmoja na ndoo, akasema "mambo", akaendelea na safari yake. Nilikaa pale kidogo mpaka mapigo ya moyo yatulie. Angeweza kuwa mwingine, najua. Nimekubali kutembea nikiwa najua hivyo, na kuna usiku nachukua bodaboda badala ya kukubali.

Tangu siku ile nimepita Muheza mara nne, mara zote msimu ukiwa umeshika. Kila mara nanunua machungwa, na kila mara natoa kisu na kukiweka juu ya paja, kimekunjwa. Hakuna aliyekiomba bado.